Naona Mwanga, Sioni Neno

Mijusi kafiri ndio waliolifaidi bango la kwanza. Kila usiku walijipanga ndani ya boksi, nyuma ya fleksi nyeupe, wakivizia wadudu waliovutwa na taa, na mtu aliyesimama barabarani aliona vivuli vyao vikitambaa juu ya maandishi: mkia kwenye herufi D, kichwa kwenye namba ya simu. Watoto wa jirani walikuja kuwahesabu. Wagonjwa, ambao bango liliwekwa kwa ajili yao, wengi walipita bila kulisoma.

Duka lilikuwa la dawa muhimu, pembeni mwa jiji la Tanga, karibu na bahari kiasi kwamba msimu wa kusi vioo vya madirisha huota ukungu wa chumvi. Mwenyewe alikuwa muuguzi mstaafu. Baada ya miaka mingi ya zamu za usiku wodini alijenga jengo dogo la fremu 3 kando ya barabara kuu, upana wa mita 11, akabaki na fremu ya katikati na kupangisha mbili za pembeni: moja kwa fundi cherehani, nyingine kwa muuza vifaa vya ujenzi. Maduka ya aina yake yalianza kwa majaribio mkoani Ruvuma mwaka 2003, ili watu walio mbali na famasi kubwa wapate dawa salama kutoka kwa muuzaji aliyefunzwa, kisha yakaenea nchini. Kwa hiyo tangu mwanzo lilikuwa duka la mtu anayekuja mbiombio, mara nyingi usiku, mara nyingi akiwa na mtoto mwenye homa mgongoni.

Mwanawe, ambaye ndiye mwandishi wa makala haya, alikuwa akifanya kazi Dar es Salaam. Siku moja mwaka 2012 mama alimpigia simu.

"Mwanangu, nataka bango la taa. Usiku watu wananipita."

"Usijali mama, niachie mimi."

Akaachiwa. Alitafuta watengeneza mabango, akapata mmoja, akatumiwa picha ya mfano kwenye simu, akaipenda, akatuma hela. Kosa lilianzia hapo, na lilikuwa lake. Kwenye kioo cha simu kilichoshikwa mkononi bango lile lilipendeza kweli: rangi nne, kivuli nyuma ya kila herufi, mawimbi ya buluu kwa chini. Hakuna aliyeuliza litasomwa kutoka umbali gani, na mtu anayefanya nini. Mteja wa mama alikuwa juu ya bodaboda, gizani, anakwenda. Kijana alikuwa amekaa kwenye kiti cha ofisi saa 5 asubuhi.

Halafu kulikuwa na maneno. Mtengenezaji alisema bei ya mita ya mraba ni ileile uandike neno 1 au uandike 20, basi yakaandikwa mengi: jina la duka, duka la dawa muhimu, vifaa vya mama na mtoto, vipodozi, sabuni, vocha, huduma kwa upendo, namba 2 za simu. Na katikati akataka kuchora msalaba mwekundu.

Hapo mama alikataa. "Huo si wetu," alimwambia fundi. Kijana alidhani ni ubishi wa kizee, lakini mama alikuwa amefundishwa jambo hilo tangu chuo cha uuguzi. Msalaba mwekundu kwenye uwanja mweupe uliwekwa na Mkataba wa Geneva wa mwaka 1864 kuwa alama ya kuwalinda wanaohudumia majeruhi vitani, na Mikataba ya Geneva ya 1949 inazuia biashara yoyote kuutumia. Ukizagaa kwenye maduka, siku ya vita hautamlinda mtu. Ndiyo maana famasi za Ufaransa na Italia huning'iniza msalaba wa kijani. Mama hakuwa na habari na Ufaransa wala Italia. Alijua tu kwamba ile alama ina mwenyewe. Fundi akaweka picha ya chupa ya dawa.

Boksi lilifungwa ukutani likiwa na mita 3.6 kwa 1.2, ndani yake taa 10 za tyubu za wati 36, kila moja na choki yake na stata yake. Ukijumlisha na kinacholiwa na choki zenyewe, lilikuwa linakaribia wati 450. Likiwashwa kuanzia saa 1 usiku hadi saa 12 asubuhi, linakula uniti 5 za umeme, na kwa mwezi ni uniti 150. Mama aliyekuwa akinunua LUKU kwa wiki akaanza kununua kila baada ya siku mbili. Hakulalamika. Aliuliza tu kama kuna namna.

Masika ya mwaka uliofuata ndiyo yaliyotoa jibu. Boksi halikuwa na tundu hata moja la kutolea maji kwa chini. Mvua za kaskazini mwa pwani hazinyeshi wima. Upepo huzilaza na kuzisukuma kwenye kila ufa. Maji yakajikusanya sakafuni mwa boksi mpaka yakafika kwenye choki. Usiku mmoja, saa 4 kasoro, mama akiwa anahesabu vidonge mbele ya baba mmoja aliyelowa mvua, ukasikika mlio kama kuni mbichi motoni, breka ikakata, na jengo zima likawa giza. Fundi alikuwa amechukua umeme wa bango kwenye laini ileile ya taa za dukani. Mama aliwasha tochi ya simu, akaibana kati ya kidevu na bega, akamaliza kuhesabu, akamwandikia yule baba maelekezo juu ya bahasha kwa mwandiko mkubwa, kisha akamrudishia chenji. Alipomsimulia mwanawe kesho yake hakuzungumzia hasara. Alisema, "Nilihesabu mara mbili, mwanangu. Je, kama ningekosea?"

Maneno hayo yalimkaa kijana moyoni kuliko lawama yoyote.

Boksi likatengenezwa, likaharibika, likatengenezwa tena. Rangi nyekundu ilikuwa ya kwanza kufa, kama kawaida ya wino mwekundu juani. Jina la duka likageuka waridi, kisha kama halipo. Fremu ya chuma ikaanza kulia kutu, michirizi ya kahawia ikashuka ukutani hadi juu ya mlango wa fundi cherehani. Kibao kidogo cha nguzo kilichosimikwa karibu na barabara nacho kiliamka siku moja kimechorwa X nyekundu. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara, na nguzo ilikuwa ndani. Aliyeisimika alipaswa kulijua hilo, na aliyemlipa pia. Kikang'olewa. Jengo lenyewe, kwa bahati, lilikuwa nje ya mpaka.

Bango la pili lilianza kufikiriwa mwaka 2017, na safari hii kijana alichukua likizo akaenda Tanga. Fundi mpya alikuwa mtu wa Ngamiani, hapohapo Tanga, mpole, mwenye karakana ndogo iliyojaa vumbi la akriliki. Aliwaonyesha sampuli juu ya meza. Mama alizitazama kwa heshima, akakunja mikono.

"Nzuri, baba. Lakini mimi sitaki kuchagulia hapa. Tutachagulia barabarani, usiku."

Fundi akakubali. Alikata herufi mbili, D na A, akazipa uso wa akriliki nyeupe na taa za LED ndani, na siku ya pili baada ya isha akaziegemeza ukutani juu ya mlango. Mwandishi na mama yake wakatembea kurudi nyuma kandokando ya lami, wakihesabu hatua, hadi kwenye mwembe ambapo madereva wa bodaboda hupaki. Ni kama mita 70. Umbali huo haukubuniwa hivihivi. Mwendo wa juu unaoruhusiwa kwenye makazi ni kilomita 50 kwa saa, yaani karibu mita 14 kila sekunde. Dereva anayetoka mwembeni ana sekunde 5 tu za kuliona neno, kulielewa, kupunguza mwendo na kukata kona.

Fundi akawasha. Mwanga ukafumuka, mweupe wa kukata, kama wa mchomelea vyuma. Mama akakodoa. Wakati huo jicho lake la kulia lilikuwa limeanza mtoto wa jicho.

"Unaona nini, mama?"

"Naona mwanga, sioni neno."

Kijana akatazama tena, safari hii bila haraka. Mama alikuwa na haki. Hata kwa macho mazima ya miaka 37, D ilikuwa doa na A ilikuwa doa. Lile tundu dogo la pembetatu ndani ya A lilikuwa limezibwa na mwanga wenyewe. Herufi inayowaka gizani huvimba machoni. Mwanga humwagika nje ya kingo zake, hujaza matundu, huziunganisha herufi zilizo jirani, na kwa mtu mzima au mwenye mtoto wa jicho huzidi maradufu, kwa kuwa lenzi iliyofifia husambaza mwanga badala ya kuupitisha. Marekani walilipigania jambo hili kwa miaka kwenye vibao vya barabara kuu. Mwandiko uitwao Clearview ulibuniwa ukiwa na matundu mapana zaidi ndani ya herufi ili yasizibwe na mng'ao wa taa za magari machoni pa madereva wazee. Mamlaka ya barabara kuu ya nchi hiyo iliuruhusu mwaka 2004, ikaufuta 2016, ikaurudisha 2018. Kama wataalamu wenye maabara walibishana kiasi hicho juu ya tundu la herufi, muuguzi wa Tanga aliyesimama chini ya mwembe hakuwa anasumbua mtu.

Walikaa pale karibu saa nzima. Fundi alipunguza mwanga kwa kitufe, hatua kwa hatua, huku kijana akimpigia simu kutoka mwembeni: punguza, punguza tena, simama. Kitu cha ajabu kilitokea walipofika karibu nusu. Neno likajitokeza. Mwanga ulipopungua, kingo zilirudi, tundu la A likafunguka, na mama akanyoosha kidole. "Hapo. Hiyo ni A." Dereva mmoja wa bodaboda aliyekuwa amejilaza juu ya pikipiki yake akainuka, akasoma naye kwa sauti.

Kuna jambo ambalo wauzaji wengi wa mabango hawalisemi kwa sababu mteja anapenda kusikia kinyume chake: bango kali kuliko yote mtaani halisomeki kuliko yote. Huyapita mengine kwa kuonekana tu. Na anayeendesha chombo usiku akishapofushwa nalo, huenda hata mwenye kuvuka barabara mbele yake asimwone.

Baada ya usiku ule maamuzi mengine yalikuja yenyewe. Maneno mengi ya zamani yakabaki 1: DAWA. Jina la duka, saa za kazi na namba ya simu vikaenda kwenye kibao kidogo pembeni ya mlango, mahali ambapo mtu ameshasimama na ana muda wa kusoma. Kipimo wanachokitumia mafundi ni sentimita 2.5 za urefu wa herufi kwa kila mita 3 za umbali, hivyo mita 70 zikadai herufi za sentimita 58. Fundi akazifanya 60. Herufi 4 za namna hiyo, zikiachiwa nafasi ya kupumua kati ya A na W, zilichukua mita 2.8 za ukuta. Kwa eneo ni mita za mraba 1.7, dhidi ya 4.3 za lile boksi. Ada ya bango huhesabiwa kwa ukubwa, kwa hiyo mama alinufaika huko pia.

Mpangaji wa vifaa vya ujenzi aliona ni dogo. Jirani yake ng'ambo ya barabara alikuwa na bango linalomeza ghorofa nzima. Lakini ubishi huo umeshapimwa mahali pakubwa kuliko Tanga. Mji wa São Paulo, Brazili, ulipitisha sheria iliyoanza kutumika mwaka 2007 ikapiga marufuku matangazo ya nje na kuweka mipaka kwa mabango ya maduka: kwenye jengo lenye uso usiofika mita 10 bango lisizidi mita za mraba 1.5, na kuanzia mita 10 hadi chini ya 100 lisizidi 4. Biashara za mji ule wa mamilioni ya watu zimeendelea kuuza kwa vibao hivyo. Boksi la zamani la mama lingevuka mpaka wa São Paulo. Neno DAWA lingepita bila tatizo.

Kuhusu rangi, mama alitaka kijani, na alikuwa sahihi kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ile ya famasi za Ulaya. Ya pili imo ndani ya jicho: gizani, chembe za jicho zinazofanya kazi ya usiku huitikia zaidi mwanga ulio karibu na kijani kuliko mwekundu, kwa hiyo kijani cha wati chache huonekana mbali. Nyuma yake wakaweka paneli ya alukobondi ya rangi nyeusi isiyong'aa. Ile inayong'aa inapendeza dukani, lakini usiku inarudisha taa za magari kama kioo.

Fundi aliwaonyesha pia kitu alichokiita neoni, mkanda laini wa silikoni unaokunjika kama kamba. Mama alikumbuka neoni za kweli alizoziona ujanani kwenye mabango ya mjini. Ile haikuwa neoni, ilikuwa LED iliyovishwa silikoni. Gesi ya neoni iligunduliwa London mwaka 1898 na William Ramsay na Morris Travers, na Desemba 1910 Mfaransa Georges Claude akaionyesha ikiwaka kwenye mirija mirefu, katika maonyesho ya magari jijini Paris. Ikiwa peke yake hutoa rangi moja tu, nyekundu inayoelekea chungwa, tena inataka maelfu ya volti na fundi anayejua kupinda kioo juu ya moto. LED imechukua nafasi hiyo taratibu: nyekundu ya Nick Holonyak mwaka 1962, na baada ya miaka 30 hivi ya kutafuta, buluu angavu iliyowapa Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Bila buluu hiyo kusingekuwa na LED nyeupe, kwa kuwa nyeupe ni buluu iliyopakwa unga wa njano.

Kwa duka la mama maana yake ilikuwa hesabu ndogo. Kila herufi iliingia moduli 30 za LED za wati 0.72, zote pamoja wati 86. Usiku mzima hata uniti 1 haifiki. Pawa saplai ilikuwa ya wati 150, ili ifanye kazi bila kujikamua. Mafundi wazuri hawaijazi zaidi ya asilimia 80. Ikawekwa ndani ya duka, juu ya kabati, pakavu, na bango likapewa breka yake peke yake.

Chumvi ndiyo iliyogharimu. Stenlesi ya kawaida, daraja 304, huota madoa ya kutu karibu na bahari. Daraja 316 lina madini ya molibdeni, asilimia 2 hadi 3, yanayoizuia chumvi kuitafuna. Bei yake ilimfanya kijana asite, akapendekeza waweke 304 kwa sasa. Fundi hakusema kitu. Alimpeleka nje ya karakana, akamwonyesha skrubu mbili alizozipigilia kwenye ubao unaotazama bahari miezi kadhaa iliyopita. Moja ilikuwa na upele wa kahawia kwenye kichwa. Nyingine ilikuwa kama imetoka dukani jana. Zikanunuliwa za 316, na masanduku ya herufi yakatengenezwa kwa aluminiamu. Moduli zilikuwa za IP67, zisizopitisha vumbi na zinazohimili kuzama kwenye maji ya mita 1 kwa dakika 30. Hata hivyo fundi alitoboa matundu mawili chini ya kila herufi. Maji yataingia tu, alisema, kazi ni kuyaonyesha mlango wa kutokea.

Bango liliwashwa kwa taima, saa 12:45 jioni. Mama hakusimama chini yake kupiga picha. Alikuwa ameshavuka barabara, anaelekea mwembeni.

Mwaka haukuisha kabla ya makonda wa daladala kukipa kituo jina. "Dawa wapo?" konda anauliza akigonga bati, na abiria anajibu, "Wapo! Shusha." Wengi wanaoshuka hawaendi dukani kabisa, wanaishi nyuma huko, au wanamfuata fundi cherehani. Lakini wakipata mgonjwa saa 8 usiku hawahitaji kuuliza njia.

Mwaka 2021 mguu mmoja wa W ulizima. Mama alikuwa ameshafanyiwa upasuaji wa jicho na kazi ya zamu alikuwa amemwachia binti wa ndugu yake, ila simu ya kwanza kwa fundi ilikuwa yake. Kwenye droo ya kaunta kuna kopo la biskuti lenye moduli 12 za akiba, zimefungwa kwenye gazeti, alizodai zinunuliwe siku ileile ya kwanza. Fundi alikuja na ngazi, akafungua uso wa herufi kwa skrubu zilezile za 316 ambazo hazikumsumbua hata moja, akabadilisha moduli 3 kwa muda usiozidi nusu saa. Alipomaliza akamwita binti awashe.

"Bado," alisema mama, akiwa anatafuta ndala zake. "Ngojeni nifike mwembeni kwanza."